Bi Kandambili na Nyota za Darasa la Pili

Mwalimu aliyenifundisha kusoma sasa kazi yake ni kuchaji vishikwambi, na aliyemfikisha huko ni mimi. Si mimi peke yangu, lakini naona nianze na langu kabla sijawagusa wengine.

Watoto walimwita Bi Kandambili. Yeye mwenyewe hakuwahi kuja kazini na kandambili. Alivaa viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi vikang'aa. Jina lilitokana na kazi ya mikono yake. Aliokota kandambili zilizokatika, akazisugua kwa brashi na sabuni, kisha akazikata kwa kisu cha fundi viatu mpaka zikawa herufi. Alikuwa na gunia zima. Mtoto alifumba macho, akapewa herufi moja, akaipapasa na kuitaja. Walimu tulimtania kwamba darasa lake linanuka miguu, naye akicheka kuliko sisi. "Nuseni vizuri," alisema, "hiyo ndiyo harufu ya elimu." Mimi mwenyewe nilijua kusoma kwa herufi hizo nikiwa na miaka saba. Niliporudi shuleni hapo kama mwalimu, nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, na bado nikawa namwamkia kwa sauti ya mtoto.

Kisha vikaja vishikwambi sitini. Kwa kuwa nilikuwa kijana kuliko wote, mwalimu mkuu alinitwika mimi kuvisimamia, na sitasema uongo, kichwa kilivimba. Vilikuwa vifaa vizuri. Kishikwambi kinaonyesha picha ya paka na chini yake maneno manne. Mtoto akigusa neno sahihi, inatokea nyota na kengele inalia. Kila Ijumaa matokeo yanakwenda yenyewe ofisi ya elimu.

Wiki ya pili wakaja wageni kutazama. Darasa la pili, la Bi Kandambili, lina watoto hamsini na tisa, na nusu yao walikuwa wanalia, maana kila wakikosa kifaa kinatoa mlio wa kuguna. Nikapita kati ya madawati nikiwanong'oneza: "Msilie. Ukikosa gusa jingine. Gusa mpaka nyota itoke." Kifaa hakikuhesabu mtoto kakosa mara ngapi, kiliandika nyota tu. Baada ya dakika kumi darasa zima lilikuwa linalia kengele, wageni wakapiga makofi, na mwalimu mkuu akanishika bega mbele yao.

Muhula ulipokwisha, darasa la pili lilikuwa na asilimia tisini na sita. Barua ya pongezi ikaja, ikawekwa kwenye fremu ofisini. Na walimu tukapumzika, huo ndio ukweli. Ukishagawa vishikwambi unakaa kitini, kengele zinalia, kipindi kinakwisha.

Bi Kandambili aliamriwa aondoe gunia lake darasani, akaliondoa. Msidhani alikuwa adui wa mambo mapya. Alijifunza kifaa kile kwa siku mbili, akakipenda. "Kina sauti nzuri kuliko yangu," aliniambia. Ila asubuhi moja aliandika neno moja ubaoni kwa chaki, lile lile la paka, akauliza ni neno gani. Wakajibu wachache tu. Akaanza kuwaita mmoja mmoja mezani kwake. Ilimchukua siku tatu. Siku ya nne akanifuata na daftari.

"Mwanangu, kaa."

Nikakaa.

"Wanaosoma ni kumi na mmoja. Katika hamsini na tisa."

"Labda walikuogopa, mwalimu."

"Mimi? Wananipanda mgongoni hawa." Akafungua daftari. "Wanagusa tu. Nimewauliza nani kawafundisha kugusa ovyo. Wamenitajia wewe."

Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alisema atalipeleka jambo hilo kwenye kikao cha kesho, tuiombe ofisi ya elimu ifute yale matokeo na watoto waanze upya. "Nikisema peke yangu wataniona bibi anayelilia gunia lake. Wewe sema tu ulichowaambia watoto. Wewe watakuamini."

"Nitasema, mwalimu," nikamjibu, na nilikuwa nimekusudia kweli.

Kikaoni alisimama, akasoma hesabu yake kwa utulivu. Tulikuwa walimu kumi na wanne na hakuna aliyeshangaa. Kila mmoja alikuwa anajua, tukajitia hamnazo.

"Watoto wana nyota, mwalimu," mwalimu mkuu akasema. "Ofisi imeziona. Sasa unataka nikawaambie tuliwadanganya?"

"Ndiyo."

Mtu mmoja akacheka puani. Mwalimu mkuu akanigeukia mimi. "Haya, mtaalamu wetu. Hebu tueleze. Kifaa kina hitilafu?"

Angeniuliza niliwaambia nini watoto, labda ningesema. Najidanganya, nisingesema. Nilifikiria ile barua kwenye fremu, na lile bega langu lililoshikwa mbele ya wageni.

"Kifaa hakina hitilafu," nikasema, nikakaa.

Bi Kandambili alinitazama. Sikuinua macho, lakini nilijua ananitazama. Wiki iliyofuata akahamishiwa stoo, akatunze vishikwambi na kuvichaji, kwa kuwa "teknolojia inamsumbua". Amebakiza miaka miwili astaafu. Darasa lake nikapewa mimi, na mwenye kufikiri kwamba niliwafundisha upya wale watoto ananitakia mema kupita kiasi. Kila Ijumaa matokeo yalikuwa yanangojewa. Niliwaacha waguse.

Binti yangu wa kwanza yumo humo darasani. Jumamosi moja mchana mama yake alikuwa na homa, nami nilikuwa jikoni nachemsha maji, nikamwambia asome kwenye karatasi ya dawa ni vidonge vingapi. Mtoto akaishika karatasi. Akagusa neno la kwanza kwa kidole, akangoja. Akagusa la pili, akangoja. Kisha akaniangalia, machozi yanamlengalenga, akidhani karatasi imeharibika. Nikatoka nje. Nililia kule uani kama mtoto, bila aibu.

Jumatatu, baada ya vipindi, nilimshika binti yangu mkono nikampeleka stoo. Njiani nilipanga maneno ya kuomba msamaha, nikayapangua, nikayapanga tena. Nikabisha hodi.

Kati ya rafu na nyaya za chaji walikaa watoto sita sakafuni, kila mmoja na ubao mdogo mapajani. Nikawatambua wote, ni wa darasa langu. Mapacha wa mwalimu wa hesabu. Mtoto wa yule aliyecheka puani. Wawili wa mwalimu wa zamu. Na pembeni, ulimi nje kwa bidii ya kuandika, kitinda mimba wa mwalimu mkuu. Kumbe kila mmoja wetu alikuja kwa saa yake, kwa aibu yake, akimwomba asimwambie mwingine.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa wewe. Wenzio waliwaleta tangu mwezi uliopita."

"Mwalimu, mimi naomba..."

Akaninyamazisha kwa kiganja. "Watoto wanasoma." Akawageukia. "Sogeeni huko, mpisheni mwenzenu."

Binti yangu akakaa. Nilisimama mlangoni kidogo, hakuna aliyenihitaji. Nikaurudisha mlango taratibu, nikaenda darasani kuandaa somo la kesho la wale hamsini na wawili waliobaki.