Mwalimu Magesa na Vazi la Kupoza Mwanaanga

Hata sasa sijakubali. Mwalimu Magesa, rafiki yangu niliyefundisha naye Bunda miaka mingi, yeye fizikia na mimi Kiswahili, alifariki jana hapa Musoma.

Alipostaafu alihamia Kigera, akawa anasoma habari za sayari ya Mirihi kama mtu aliyekwisha kukata tiketi.

"Mzee mwenzangu," aliniuliza siku moja, "mwanaanga akifanya kazi Mirihi atasumbuliwa na nini?"

Nikajibu: baridi.

"Joto! Joto lake mwenyewe. Vazi limefungwa kama chupa ya chai. Asipopozwa, ataiva humo ndani."

Jambo hilo lilinishangaza kuliko roketi zote.

Akashona fulana yenye mirija ya dripu, maji baridi yakizungushwa na pampu ndogo. Hofu yake ilikuwa moja: kwamba hakuna atakayekubali kuivaa, na watu waondoke wakidhani ni hadithi tu.

Tuliipeleka kwenye maonyesho ya shule moja Butiama. Ubaoni akaandika kwa herufi kubwa: VAZI LA KUPOOZA MWANAANGA.

Watu wakasoma, wakarudi nyuma. Mama mmoja wa Guta, kijiji cha kando ya ziwa, akamvuta binti yake. "Toka hapo! Nani kakwambia tunataka kupooza?"

Nikafuta o moja. "Kupoza, Magesa! Kupooza ni maradhi!"

Akacheka mpaka akashika meza. "Na wewe Mwalimu wa Kiswahili ulikuwaga wapi nikiandika?"

Yule mama akacheka pia. "Haya, nianze mimi. Nikianguka, mnawajua wa kuwashitaki."

Akaivaa fulana, juu yake koti zito la mvua ili joto lisitoke, akachukua jembe la shule akalima juani mpaka jasho likamtiririka usoni. Magesa akawasha pampu.

Mama akasimama wima, jembe mkononi. "Yesu wangu! Ziwa linapita mgongoni!"

Hakuna aliyecheka. Magesa akasema polepole kwamba kule Mirihi maji ya namna hiyo yatabeba joto la mtu, kisha vazi litatoa mvuke kwenye hewa nyembamba, kama mtungi unavyotoa jasho. Wazazi walisogea karibu, wakimtazama mama wa Guta kana kwamba ametoka huko sasa hivi.

Magesa, jana nilikushika mkono hospitalini. Ulikuwa wa baridi. Hapakuwa na joto tena la kuondoa.

Miaka yote nilidhani unaistaajabia Mirihi. Kumbe ulikuwa unalistaajabia joto hili dogo la mwili wa mtu, ambalo ni lazima lisafiri naye popote aendapo.

Pumzika salama, ndugu yangu.