Tambuu Kumi na Moja Hadi Maporomoko

"Andika," alisema Mama Mkubwa Phidalia. "Kutoka mlangoni hapa hadi daraja la kwanza, tambuu moja."

Ilikuwa Agosti, mwezi ambao kwetu mvua hainyeshi tu, inahamia. Tulikuwa jikoni kwa mama yangu, nguo zikining'inia juu ya moto, na hakuna hata moja iliyokauka tangu Jumapili.

Safari yenyewe ilikuwa ya Novemba, maji yakiwa bado mengi na mawe yameanza kukauka. Wageni sita kutoka mjini walikuwa wameomba kupelekwa kwenye maporomoko yaliyo ndani kabisa ya msitu wa ukoo wetu. Baraza la kijiji lilitangaza kwamba litateua kiongozi wa safari Jumamosi, na anayeitaka kazi hiyo alete mpango ulioandikwa: njia, mapumziko, muda. Atakayeteuliwa ndiye angewaongoza na wageni wote wa baadaye. Kila mtu alijua jina limeshapatikana. Lamphrang, mtoto wa dada yake Bah Kyrmen, mwenyekiti wetu, alikuwa ameshanunua viatu.

"Nimeviona," alisema mama yangu akigeuza samaki mkavu kwenye makaa. "Soli nene kama mkate."

"Soli haijui njia," akajibu Mama Mkubwa. "Andika, mwanangu. Daraja la kwanza hadi la pili, tambuu mbili."

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwetu nyumba humwendea binti wa mwisho, na wa mwisho ni mama yangu. Mama Mkubwa ndiye wa kwanza, na mwenyewe husema kwamba urithi wake ulikuwa kapu. Alianza kubeba majani ya mtambuu akiwa na miaka kumi na miwili, kutoka mashamba ya ukoo ng'ambo ya mto hadi sokoni juu, kapu mgongoni na mkanda wake umepita kwenye paji la uso. Mkanda huo ulimchimbia mfereji chini ya nywele, unaoonekana vizuri akioga. Mumewe alihamia kwake kama ilivyo desturi, akakaa miaka mitano, akaenda kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na alipotoka huko akarudi kwa mama yake. Mtu akimuuliza Mama Mkubwa habari za mume huyo, husema, "Sikumfukuza. Nilimwacha nyuma kwenye mlima mmoja, nikasahau kumrudia."

Baadaye walianza kuja watu wa msitu: wapima ardhi, wanaotafuta maua, na mwaka mmoja bwana aliyetafuta vyura. Walihitaji mbebaji. Yeye ndiye aliyebeba mahema, masufuria, na siku moja meza ya kukunja. Walitangulia wao, yeye akafuata. Kila njia ilipogawanyika walisimama na kupiga kelele, "Kushoto au kulia?" na yeye akajibu kutoka chini ya mzigo. Bwana wa vyura alituletea picha ya safari hiyo. Mama Mkubwa yumo. Linaonekana kapu, na chini ya kapu miguu miwili.

"Safari hii nataka kwenda mbele," aliniambia usiku ule ule wa kuandika. "Miaka arobaini wamenipita njiani wakiniuliza njia. Nataka iandikwe kiongozi ni nani."

Hakusoma shule. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada na makasha mawili ya vitabu, na kijijini nilijulikana kama binti asiyesalimia, ingawa nilikuwa nasalimia, ila kwa sauti ndogo. Kwa hiyo niliandika. Alinitajia mawe, chemchemi, mti uliopigwa radi, sehemu ya msitu mtakatifu ambamo mgeni lazima aambiwe mapema kwamba hatatoka na kitu chochote, hata jani lililonasa kwenye soksi. Kila kipande cha njia alikipima kama wazee wetu wote wanavyopima, kwa tambuu zinazotafunwa mtu akikipita. Jumla ilikuwa kumi na moja.

"Baraza linataka saa," nikasema.

"Basi zigeuze ziwe saa. Si umesoma?"

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilimpa popoo na jani lenye chokaa, nikatazama simu yangu, nikasubiri. Alitafuna taratibu, akatusimulia kisa cha bwana wa vyura aliyetumbukia mtoni akiwa ameinua taa juu, akacheka, akatafuna tena. Dakika hamsini. Ili niwe na hakika, kesho yake nilimpima mara nyingine. Dakika hamsini na moja. Nikazidisha, nikaandika kwa mwandiko mzuri: kwenda, saa tisa na dakika kumi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuvuka daraja la pili.

Jumamosi baraza lilikaa katika darasa la shule. Kwetu barazani wanakaa wanaume. Wanawake wakiwa na jambo husimama nje, penye madirisha. Tulisimama, mimi na Mama Mkubwa, migongo yetu imefunikwa kwa miavuli ya majani inayovaliwa kama gamba la kobe. Karatasi yetu ilikuwa mezani mbele ya Bah Kyrmen. Ya Lamphrang ilikuwa pembeni yake, imepigwa chapa.

Bah Kyrmen alivaa miwani. Alisoma kimya, kisha akasoma tena kwa sauti.

"Kwenda, saa tisa na dakika kumi. Jamani! Hawa wageni wanakwenda kwa magoti?"

Darasa zima lilicheka. Mtu wa nyuma, akitumia neno tunalomwitia mwanamke kwa heshima, akasema, "Kong Phidalia atawabeba mmoja mmoja!"

"Au watasimama kila jiwe wamngoje apumzike," akasema mwingine.

"Babu yangu alikwenda akarudi siku hiyo hiyo," alisema Bah Kyrmen akifuta miwani. "Kwa hesabu ya Kong, babu bado yuko njiani."

Nilielewa kosa langu hapo hapo. Nilimshika Mama Mkubwa mkono.

"Wanacheka nini?" akaniuliza.

"Nilikupima ukiwa umekaa," nikamnong'oneza. "Ulikuwa unapiga hadithi. Njiani je, tambuu moja inachukua muda gani?"

"Njiani?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Ukipanda mlima unapumulia mdomo, unatema upesi. Haifiki hata nusu ya hiyo. Sasa mbona hukuuliza?"

Nilidhani angenikemea zaidi. Badala yake alivua mwavuli wake, akaniachia mikononi, akazunguka ukuta na kuingia mlangoni.

Kicheko kilikatika kama kilivyoanza. Mzee mmoja karibu na mlango alisema polepole, lakini kila mtu akasikia, "Kuku jike akiwika, dunia imekaribia mwisho."

"Nimewika tangu alfajiri, baba," alisema Mama Mkubwa. "Ninyi ndio hamjaamka."

"Kong," alisema Bah Kyrmen, "una neno, sema ukiwa dirishani. Tutakusikia."

"Dirishani nimesikia mimi. Mnacheka saa tisa. Sikilizeni basi. Huyu binti yetu msomi alinipima nikitafuna, na alinipima nikiwa nimekaa, kama mlivyokaa ninyi. Tambuu ya aliyekaa ni ndefu. Angewapima ninyi, maporomoko yangekuwa mwendo wa wiki nzima."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Ya mwendo ni fupi," akaendelea. "Kwa mwendo wangu ni saa nne, na goti langu hili nimeshalihesabu humo humo. Kwa mwendo wa wageni, tano. Nani hapa anabisha? Asimame, ataje kinachofuata baada ya mti wa radi."

Bah Kyrmen alivuta karatasi iliyopigwa chapa.

"Lamphrang ameandika vizuri, saa tano. Tena ameweka na mapumziko. Kong, hakuna anayekudharau. Wewe nenda nao, ufunge wali kwenye majani, uwapikie chai kule. Lamphrang atangulie. Kila mtu na kazi yake."

"Sipiki."

"Kong..."

"Nimesema sipiki. Hao wageni wana mikono. Huyu kijana naye ana mikono, na viatu juu yake." Akamgeukia Lamphrang, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele. "Mwanangu, ukivuka mti wa radi, kushoto au kulia?"

Lamphrang alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mpole, hodari wa kupiga gitaa kanisani. Alimtazama mjomba wake. Akatazama viatu vyake.

"Mjomba," akasema, "mimi mwisho wangu daraja la pili."

"Unasemaje?"

"Sijafika maporomoko. Ulisema niandike, nikaandika. Hizo saa tano nilimuuliza Kong wiki iliyopita, sokoni. Hakujua nilikuwa naulizia nini."

Sasa walicheka tena, lakini kicheko hiki kilielekea upande mwingine, na Bah Kyrmen alilazimika kugonga meza mara tatu. Alipopata utulivu alikuwa amekunja uso.

"Vizuri. Kong atakwenda na Lamphrang Oktoba amwonyeshe njia. Novemba Lamphrang ataongoza. Jambo limekwisha."

"Nitamwonyesha," alisema Mama Mkubwa. "Mimi nilionyeshwa na mama yangu tangu nina miaka kumi na miwili, nikaijua nikiwa na ishirini. Yeye ana akili, atachukua miaka mitano. Mpaka hapo anafuata nyuma yangu, na mzigo abebe yeye."

"Baraza halijawahi kumwandika mwanamke."

"Na maporomoko hayajawahi kumwona mtu wa baraza hili."

Kisha akaniita. Hakuniita kwa ishara, aliniita kwa jina langu lote, na la ukoo, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Niliingia na ile miavuli miwili, nikilowesha sakafu. Alinionyesha karatasi yetu mezani, mstari wa juu nilioacha wazi kwa sababu nilidhani si wetu kuujaza.

"Hapo ndipo jina la kiongozi?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Andika."

Bah Kyrmen hakuwa amesema ndiyo. Wala hakuwa amesema hapana, ila mkono wake ulikuwa juu ya karatasi. Nilisimama na kalamu. Mama Mkubwa hakusogea, wala hakumwondolea mwenyekiti macho, na baada ya muda ambao sikuupima, mkono ule ukaenda kutafuta miwani. Nilikata zile saa tisa na dakika kumi za uongo, nikaandika zile za kweli. Juu yake nikaandika: Kiongozi, Phidalia Khongsdir. Mwandiko ulitoka umepinda.

Bah Kyrmen aliusoma, midomo ikicheza. Alitazama nje, ambako mlima wa ng'ambo ulikuwa umeshapotea kwenye mvua.

"Na mvua ikinyesha siku hiyo?" akauliza.

"Tutalowa," akasema Mama Mkubwa.