Penalti Mbele ya Mama Mkwe

Nimepuliza filimbi kwenye mechi za watoto Migori na Homa Bay kwa muda mrefu, na watoto wenyewe hawajawahi kunisumbua. Wanaonisumbua ni waliowazaa. Nimeshaitwa kipofu na mama aliyekuwa ameupa uwanja mgongo, akinunua njugu. Kelele zikianza naziacha zipite. Zikizidi nasimamisha mchezo, naukanyaga mpira na kutazama mawingu mpaka wachoke. Wakikataa kuchoka, namwendea mwenye sauti kubwa kuliko wote, namsogelea kabisa na kumwuliza kwa upole mtoto wake ni yupi. Wengi hunyamaza hapo, maana wengi hawana mtoto uwanjani.

Basi nilipangiwa mechi ya wavulana Ndhiwa, Jumapili moja mchana, watu wakishatoka kanisani: shule ya pale dhidi ya shule ya upande wetu wa Migori. Mke wangu ni mzaliwa wa Ndhiwa. Niliwaeleza waandaaji hivyo, wakasema refa mwingine ni mgonjwa na Ndhiwa ni kubwa. Mke wangu alifurahi, akatangulia asubuhi kwenda kumsalimia mama yake.

Kipindi cha pili, bado hakuna bao, krosi ilipigwa langoni mwa wenyeji. Beki mmoja mwembamba, jezi ikimfika magotini, aliudaka mpira kwa mikono miwili na kuukumbatia. Hapakuwa na la kufikiri. Nikapuliza, nikaonyesha penalti.

"Nani amepuliza hiyo?" sauti ikauliza.

Niliijua. Mara ya mwisho kuisikia ilikuwa inaniombea baraka. Mama mkwe wangu alikuwa ameshavuka mstari, mwavuli mkononi, na nyuma yake nusu ya mashabiki wa nyumbani. Nikamtazama tena yule beki. Alikuwa mtoto wa shemeji yangu; nilimwacha akitambaa.

Kwetu Wajaluo mama mkwe, maro, hasogelewi ovyo, sembuse kuambiwa atoke. Kwa hiyo alipopiga hatua mbele, mimi nilipiga hatua nyuma. Akaja, nikarudi. Tukavuka duara la kati namna hiyo, mimi kinyumenyume na filimbi mdomoni, hadi nikaingia goli la wageni. Kipa wao alinipisha kwa heshima. Vicheko vilianzia kwa watoto, kisha vikazunguka uwanja mzima.

Hapo ndipo mashabiki wa wageni walipoelewa. "Kumbe refa ni mkwe wa hapa! Amelishwa kuku huyo!"

"Nyamaza wewe," mwenzao akamwambia. "Penalti ametupa sisi."

Mgongo ulikuwa umegusa nyavu, sikuwa na pa kurudi tena. Nilimwita mshika kibendera, mwalimu mwenzangu, asimame kati yetu.

"Mwambie mama namsalimu," nikasema, nikitazama mwamba wa goli.

Mama mkwe alikuwa amenisikia vizuri, lakini alingoja aambiwe.

"Mwambie mkwe wangu nimepokea. Umwulize pia, mpira ukimjia mtoto usoni, afanye nini?"

"Mwambie haukumjia usoni. Aliudaka, akaukumbatia."

"Mwambie huyo mtoto nimemlea mimi. Amefundishwa akipewa kitu akipokee kwa mikono miwili."

Mwenzangu aliuma midomo, akanifikishia hilo neno kwa neno. Nilikuwa natokwa na jasho kuliko wachezaji. Niliwaza kufuta penalti, nikaona wale watoto wa Migori wamesimama wananitazama, na yule mpigaji ameshika mpira kama yai.

"Mwambie mama," nikasema, "hiyo ni adabu nzuri, na nyumbani ningeisifu. Hapa ni penalti."

Mama mkwe aliutazama uwanja, akafungua mwavuli.

"Mwambie watoto wanaungua jua. Apulize, tumalize."

Akageuka, na wote waliomfuata wakageuka. Alipopita mbele ya wageni, yule wa kuku alimwamkia na kurudi nyuma ya mstari bila kuambiwa. Mimi na filimbi yangu hatujawahi kunyamazisha watu namna ile.

Penalti iliingia, wenyeji wakafungwa moja bila. Beki wetu alilia kidogo, kisha nikamwona akigawana muwa na yule yule aliyefunga.

Sikuwa na njia ya kuondoka Ndhiwa bila kupita ukweni. Shemeji alikuwa ananingoja kando ya uwanja, na nilipanda nyuma ya pikipiki yake nikiwa mnyonge, maana sikujua nitapokelewaje. Tuliketi sebuleni, yeye na mimi. Mama mkwe alikuwa jikoni. Ugali ulikuja, kuku akaja, mnofu juu ya mnofu, mpaka nikaanza kuona aibu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akileta.

"Mama anasema ule ushibe," akaniambia, akiweka mchuzi mezani. "Anasema pia ile haikuwa penalti."

Shemeji aliinamisha kichwa kwenye sahani yake. Mimi nilitafuna kwanza, nikameza.

"Mwambie kuku ni mtamu sana."

Mke wangu alinitazama kidogo, akarudi jikoni na jibu hilo.