Udongo wa Kiwanja cha Betri

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile kitovu cha baba yako kilipodondoka. Nilikuwa bado mgeni katika nyumba hii ya Tororo. Nilikuwa nimeletwa kutoka Busia kuolewa na babu yako, na huyo baba yako ndiye alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Mama mkwe wangu alikichukua kile kitovu, akakifunga kwenye pamba, akakitia kwenye pindo la leso yake. Nilifurahi, maana desturi ya nyumba hii niliijua. Kitovu cha mjukuu huzikwa uani, nyuma ya jiko, na juu yake hupandwa mgomba, ili mtoto awe na mahali pake. Nilikuwa nimemsumbua babu yako mpaka akaniletea chipukizi la mgomba wa matoke, likawa limesimama kwenye ndoo karibu na mlango, linasubiri.

Mama mkwe hakuligusa. Alivaa viatu vyake vya safari, akatoka getini bila kuaga, akarudi jioni miguu imejaa tope la Kisoko. Huko ndiko alikozaliwa, na ndugu zake wanalima huko mpaka leo. Alisema tu kwamba lile jambo limekwisha, akaenda kuoga.

Sijui nikuelezeje nilivyoumia. Sisi wa Busia tumechanganya damu nyingi. Babu yangu alikuja na malori, kutoka wapi hasa hata yeye alikuwa akibadilisha kila akisimulia. Shuleni walituita watu wa mpaka, wasio na kwao. Nilipoolewa nilijiambia mtoto wangu atakuwa na kwao, hakuna atakayemuuliza. Na sasa kitovu chake kimepelekwa kwa wajomba wa baba yake, kwenye shamba ambalo hatarithi hata upana wa jembe. Mimi nikaelewa kwamba ninaambiwa huyu mtoto si wa nyumba hii.

Sikuuliza. Nikiumia, mwanangu, mimi hununa mpaka kuku wa nyumbani wanajua. Usicheke, wewe umerithi hilo hilo. Nilikataa chakula cha mama mkwe, nikafunga mzigo wangu, nikamwambia babu yako nakwenda kupumzika kwetu. Yeye, maskini, kati ya mke na mama, akakumbuka ghafla kwamba kuna gurudumu la lori linahitaji kuzibwa.

Ndipo mama mkwe akaingia chumbani, akafunga mlango, akamtoa mtoto mapajani mwangu na kuketi naye mkekani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake alikiokota hapa mpakani baada ya kuolewa.

"Zaituni, wewe nafikiri mimi nakataa mtoto," akasema. "Mimi nakataa udongo. Hii udongo ya hapa iko mgonjwa."

Akanieleza. Ule uwanja ulio nyuma ya jiko, nilipokuwa nikianika nepi, ndipo mumewe alipokuwa akivunjia betri kuukuu za malori. Asidi ilimwagwa pale pale chini. Madini ya risasi yaliyomo ndani yaliyeyushwa kwenye sufuria juu ya mkaa, yakauzwa kwa wavuvi wa ziwani ya kutia uzito kwenye nyavu. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha, na hakuna aliyewaambia kwamba ni sumu. Kila asubuhi mama mkwe alifagia vumbi lile la kijivu kwa mkono wake, na mtoto wake wa kwanza akajifunza kutambaa juu yake.

Huyo mtoto alikuwa Hamisi, kaka wa babu yako. Wewe hukumkuta. Mimi nilipoolewa alikuwa mwanamume mzima, mrefu, mpenda kucheka, anayepanga viatu vya wageni wote mlangoni bila kutumwa. Lakini ukimtuma chumvi, akifika getini amesahau. Maneno yake yalikuwa machache, na mengine tulimwelewa sisi tu wa nyumbani. Nilidhani alizaliwa hivyo. Siku ile ndipo nilipoambiwa kwamba alizaliwa macho yakiwa wazi, mchangamfu, na alikuwa ameshaanza kuita watu kwa majina. Kisha yakaja maumivu ya tumbo, ikaja degedege, na maneno yakaanza kumtoka moja moja. Daktari aliuliza nyumbani mnafanya kazi gani. Alipoambiwa, akasema mtoto asirudi kwenye uwanja ule. Kazi ikahamishwa. Udongo ukabaki.

"Kitovu ya Hamisi nilizika hapo mimi, na hii mikono," mama mkwe akasema. "Ya huyu nimepeleka kwa udongo mzima. Mihogo ya kule nakula tangu mtoto. Wewe kama nakasirika, kasirika tu."

Nililia, na yeye akalia, na baba yako akaamka akatuzidi wote. Nilimpenda yule mama kuanzia saa ile, nikampenda mpaka nilipomwosha maiti. Lakini usidhani aliniacha hivi hivi. Alinikemea kwamba nilikuwa tayari kumbeba mtoto na kuvunja nyumba bila kuuliza swali hata moja. Nami, kwa kuwa ulimi wangu hajawahi kuufunga mtu, nikamwambia kwamba na yeye aliondoka na kitovu cha mwanangu bila kusema neno hata moja. Akanitazama, akaanza kucheka. Akasema basi nyumba hii ina wajinga wawili, na kuanzia leo anayemnyima mwenzake kitu amwambie na sababu. Tangu siku hiyo nepi nikazianika mbele ya nyumba, na baba yako hakutambaa kamwe kwenye ule uwanja.

Ninakusimulia haya kwa sababu ya mambo ya juzi, mjukuu wangu, mume wangu mdogo. Mji umetufuata mpaka hapa. Kile kiwanja ambacho hakuna aliyekitaka sasa kimezungukwa na maduka, nawe unataka kujenga vyumba vya kupangisha. Vizuri, nakuunga mkono. Watu wa mazingira walikuja, wakachukua udongo, wakarudi na jibu kwamba risasi bado imo. Wakasema udongo wa juu uchimbwe, upelekwe kwenye shimo lililotengenezwa kwa ajili yake, uletwe udongo safi, wapime tena, ndipo ujenge. Wewe ukaona wanakuchelewesha. Ukasema utamwaga zege juu, mambo yaishe.

Na ule udongo utakaochimbwa kwenye msingi ukataka kuugawa, kama tunavyofanya hapa siku zote. Hujamaliza hata kuvuta kamba, Mama Okoth, jirani yetu, akawa ameshafika na toroli na makarai, anataka wa kukandikia jiko lake. Mimi nikasimama getini nikamkatalia. Mji huu ukimnyima mtu udongo wa msingi, wanasema umefika mwisho wa uchoyo. Yule mwanamke ndiye aliyeniletea uji nilipougua. Aligeuza toroli bila kuniaga, na wewe ukaingia ndani kwa aibu ya bibi yako.

Jioni nilichukua mkongojo nikamfuata. Nikakaa kwenye jiko lake lenye nyufa, nikamsimulia habari za Hamisi tangu mwanzo. Alinisikiliza huku amempakata mjukuu wake mdogo, na nilipofika kwenye vumbi la kijivu alishika vile viganja vya mtoto, akavigeuza, akavitazama.

"Bibi Zaituni," akaniuliza, "sasa mbona hukusema pale pale?"

Uzee wote huu, mwanangu, na bado nilimnyima mtu nikasahau kumpa sababu.

Basi sikiliza. Kiwanja ulichorithi ulirithi pamoja na kazi iliyofanywa juu yake, hata kama wewe hukuifanya. Usikifunike. Zege hupasuka, mafundi huja kuchimba mitaro, na vumbi litatoka likakutane na watoto wa watu. Udongo wako mgonjwa usiutupe kwa wafyatua matofali wa kijiji cha Kwapa, wala usimpe jirani kwa jina la ukarimu. Vibarua waumwagie maji kwanza, wafunike pua, waoge kabla hawajawashika watoto wao. Subiri wapime tena. Na siku mpangaji wa kwanza atakapokuja na godoro lake kichwani, mwambie palikuwa na nini hapa na umefanya nini, kabla hajalitua.

Mungu akupe subira, mwanangu. Akujaze wapangaji wenye kelele, na watoto wakorofi watakaovunja vioo vyako na kukujibu vizuri ukiwauliza majina yao. Najua umeninunia, tangu juzi huli chakula changu. Endelea, hasira yako naimudu. Mama mkwe wangu aliimudu yangu, ndiyo maana baba yako alikua na akili zake timamu, akakuzaa wewe.