Gemu la Malori Lililotoka Shambani

Kaka yangu alipoomba lile gemu la malori tulilonunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mama alisema sidii yake iko shambani.

Niliikuta inaning'inia kwenye fito katikati ya ulezi, pamoja na sidii nne za kwaya, zikizunguka na kumulika ili ndege wasitue. Misimu miwili ya jua na mvua. Sikuona wa kumlaumu. Nilikuwa chuo, kaka alikuwa Mkwajuni kwenye karasha, anasaga mawe ya dhahabu bila hata kitambaa puani, na ndege hawasubiri mtu.

Sasa karasha lilikuwa limemrudisha Tunduma na mapafu yaliyojaa vumbi. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Daktari aliinua picha ya kifua chake dirishani, akatuonyesha madoa, akasema tumpe anachopenda. Chakula hakukitaka. Alitaka kuendesha tena lori tulilokuwa tukipokezana enzi za sekondari, yeye akinishinda kila safari. Mji wetu mzima unaishi kwa kutazama malori yakisubiri mpakani. Kwenye gemu hakuna foleni. "Unavuka kama unaingia jikoni," alikuwa akisema.

Nikaiosha sidii kwa sabuni, nikaipachika kwenye kompyuta yangu ya chuo. Usakinishaji ulikwenda vizuri hadi asilimia sabini na moja, deki ikaanza kukwaruza, kisha likaja tangazo: faili halisomeki. Nikajaribu tena, na tena.

"Imefika ngapi?" kaka akauliza.

"Sabini na moja."

"Ndizo hizo hizo unazopata chuoni, msomi." Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa sana.

Mtandaoni walishauri dawa ya meno: paka, sugua kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Nani aliwahi kuipima? Hakuna aliyesema. Chumba cha pili akina mama wa kanisani walikuwa wakimwombea kaka, na mimi, niliyebishana nao wiki nzima juu ya mafuta yao ya upako, nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nasugua plastiki kwa dawa ya meno, nikiamini kabisa.

Sabini na moja.

Nikaiinua sidii dirishani. Mikwaruzo ya chini ilikuwa imelainika. Lakini upande wa juu, wenye picha ya lori, kamba ilikuwa imekula ule utando wa fedha, na mwanga ulipenya kwenye vitundu vidogo. Hapo husugui kitu. Kilichoandikwa kimeshaondoka.

Mama alikuwa mlangoni. "Ningejua nisingeitundika, mwanangu."

"Si kamba, mama. Ni uzee tu," nikamdanganya.

Kesho yake niliacha kusakinisha, nikaanza kunakili faili moja moja kuingiza kwenye kompyuta. Yote yalikuja, mengine kwa kusuasua, isipokuwa moja, la sauti. Nikatengeneza faili tupu lenye jina lile lile, nikaliweka mahali pake, nikasakinisha upya kutoka humo. Kompyuta haikuuliza kitu. Ikafika mia.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Tukamwekea kompyuta mapajani juu ya sinia. Lori likaondoka bila mlio: injini, honi, mvua kwenye kioo, vyote kimya. Kilichosikika ni pumzi zake.

"Limezimika?"

"Linatembea, kaka. Sauti ndiyo haipo."

"Basi hili la umeme."

Vidole vyake vilikuwa vizito. Aligonga kingo za barabara mara kadhaa, lakini alifika mpakani na akavuka. Hakushangilia. Akanisogezea sinia.

"Shika wewe. Mimi nitakaa utingo."

Nikaendesha. Nilipogeuka kumwonyesha daraja alikuwa amefumba macho, anapumua kwa shida. Ningeweza kusimama, hakukuwa na mlio wa kumwambia kwamba tumesimama. Sikusimama. Niliendesha hadi betri ikaisha.

Alifariki Jumapili. Mpaka leo sijui kama nilimpa alichoomba au nilimpa jina la kitu tu, kama lile faili tupu.

Siku ya pili baada ya matanga mama alikuja na kamba mpya mkononi.

"Ile sidii, bado una kazi nayo?"

Ndege walikuwa wameshaanza kwenye ulezi. Nikampa.