Kinanda cha Kumngoja Makhanu

Makhanu alizaliwa akingojwa. Hayo si matusi. Mkewe Nekoye aliambiwa na mama mkwe mwenyewe, Mungu amlaze pema, kwamba mkunga alikaa siku mbili katika nyumba za reli hapa Nakuru akinywa chai ya watu, na mtoto hataki kutoka. Alipotoka alitazama pande zote kwanza, ndipo akalia.

Baba yake alikuwa mtia makaa kwenye gari la moshi. Yeye alipokua akapewa kazi ya kuvuta vyuma vya signali kwenye stesheni ndogo huko juu ya Njoro, na hapo ndipo alipoharibika kabisa. Asiyejua kazi hiyo aelewe hivi: treni haipiti mpaka mtu wa signali avute chuma chake. Iwe imebeba mahindi, iwe imebeba wakubwa, itasimama pale ikipumua mpaka Makhanu amalize kikombe. Mtu aliyengojwa na treni miaka thelathini na moja, utamwambia nini kuhusu saa?

Hata harusi yao, mwaka wa themanini na moja, ilimngoja kuanzia saa nne mpaka saa nane kwa sababu mstari wa suruali haukunyooka na pasi ya makaa ilikuwa imepoa. Nekoye alisimama kwenye jua mpaka maua mkononi yakalala. Watu wamesahau. Yeye hajasahau. Na tangu siku hiyo hajawahi kula kabla ya Makhanu kuketi mezani. Ugali unafunikwa, mboga inafunikwa, watoto wanameza mate, baba bado ananawa.

Alipostaafu akawa mtu wa kukaa kwenye kochi hapo nyumbani Langalanga akihesabu malori yanayopita barabarani. Kijana wao Quincy, anayefanya kazi ya kompyuta Eldoret, akaona mzee ataoza. Akamletea kinanda cha umeme na kompyuta ya kupakata iliyowekwa programu ya kufundisha. Akaviunganisha kwa waya, akamwonyesha. Kwenye kioo cha kompyuta vijiti vya rangi vinashuka kutoka juu kama mvua. Kijiti kikifika chini, unabonyeza kinanda mahali kinapoangukia. Ukipatia, unaandikiwa nyota. Ukikosea, kijiti kinasimama, na wimbo wote unasimama nacho, unakungoja utafute kidole.

"Hii ya kungoja ni ya kuanza tu, Mzee," Quincy akasema. "Ukishazoea, unaitoa hapa."

Makhanu akajibu kwamba sawasawa, na hiyo sehemu haikuguswa tena mpaka leo. Angeigusa ya nini? Alikuwa amepata treni nyingine.

Mwaka mzima ukaenda hivyo. Wimbo ni mmoja, ule wa polepole wa kuingizia maharusi kanisani, na hata huo mmoja haukuwa unafika mwisho kama wimbo. Unatembea hatua nne, unasimama. Nekoye yuko jikoni anachambua mrenda, anasikia kimya, anajua mzee anatafuta kidole cha pete. Kidole kinapatikana. Hatua mbili, kimya tena. Mwishoni kompyuta inapiga makofi, makofi ya ukumbi mzima, na kuandika Excellent. Mzee wa miaka sabini anatoka sebuleni kifua mbele kama mtoto wa nasari aliyechorewa nyota mkononi. Kwenye kikundi cha wanaume wa kanisa akawaambia amefuzu. Nao ni watu wa kuamini chochote kilichoandikwa kwa Kiingereza.

Basi kitinda mimba wao, Immaculate, akachumbiwa na Weldon, kijana wa Subukia, mtoto wa watu wenye ng'ombe wa maziwa na heshima zao. Nekoye ndiye mwanamke ambaye kanisa lile humwendea akitafutwa mtu wa kuanzisha wimbo. Mabinti wa majirani wote amewaingiza kwa sauti yake, akitangulia, kina mama wakiitikia nyuma. Wa kwake alikuwa amemwekea wimbo tangu akinyonya. Lakini kwenye kikao cha harusi Makhanu alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba bibi harusi ataingia kwa kinanda cha baba yake. Wanaume wakapiga makofi. Mmoja akaongeza kwamba mama naye apewe kiti cha mbele, apumzike, amefanya kazi ya kutosha.

Kupumzika. Nekoye aliimeza hiyo, na si wimbo wake aliokuwa akiulilia. Alichoogopa ni kitu kimoja: mtoto wake asimamishwe katikati ya kanisa, wakwe wakitazama, vile yeye alivyosimamishwa juani. Alimwambia Immaculate akatae mapema. Immaculate akachezea pete.

"Mum, nikimkataza Daddy atakufa na hiyo uchungu. Mwache tu, anapiga vizuri siku hizi."

"Anapiga vizuri akingojwa," Nekoye akasema. "Wewe utamngoja na kiatu kirefu hivyo?"

Binti akacheka tu. Kwa hiyo Nekoye akaamua kumpima mzee mwenyewe. Asubuhi moja akamwambia apige, naye aimbe akitembea na sufuria ya uji kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, kama bibi harusi. Akaimba, akatembea. Alipofika mlangoni na wimbo ukaisha, Makhanu alikuwa bado kwenye mstari wa pili, amejikunja juu ya kinanda kama mtu anayetoa mwiba.

"Ni wewe unakimbia," akasema.

"Nimebeba uji wa moto, Baba Quincy. Nakimbia wapi?"

"Kompyuta haijalalamika."

"Kompyuta haina mguu. Watu kanisani hawana hiyo alama ya kungoja."

Akamwambia hajui muziki, yeye anajua kelele tu. Sawa. Nekoye akaenda kunywa uji wake, ila akamngoja kwanza, kama kawaida ya mjinga.

Siku ikafika, Jumamosi. Kanisa limejaa, wakwe kutoka Subukia wamekaa upande wa kulia na makoti yao mazuri. Makhanu ameweka kompyuta juu ya kinanda, kwa sababu bila vile vijiti hajui hata pa kuanzia. Milango ikafunguliwa. Wasimamizi wanne wa kike walikuwa wamefundishwa kukanyaga kwa kufuata kinanda: sauti moja, mguu mmoja. Mstari wa kwanza ukaenda vizuri, mpaka Nekoye akajilaumu kidogo moyoni.

Halafu kimya.

Wasichana wanne walikuwa wameinua mguu wa kulia. Wakabaki nao hewani. Mzee yuko kule anachungulia kioo, anachungulia vidole, hana haraka, treni ipo. Akapata. Miguu ikashuka, ikainuka mingine, na kimya tena. Msichana wa nyuma akayumba, akashika kiti cha mtu. Mtoto fulani akacheka, kisha watu wazima wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nyuma yao Immaculate amesimama na shela yake, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi.

Chepkurui, mama yake Weldon, akainama kwa adabu.

"Mama Quincy, ni desturi yenu kusimama hapo?"

"Ni desturi ya baba yao," Nekoye akamjibu.

Ndipo Immaculate akainua macho. Hakumtazama baba yake. Alimtazama mama, mara moja tu.

Nekoye akaacha kile kiti cha kupumzikia. Alishuka katikati ya kanisa polepole, akamshika binti mkono, akaanzisha ule wimbo aliomwekea tangu akinyonya. Hakutafuta sauti; ilikuwa mahali pake. Kina mama wakaitikia kabla hajamaliza mstari, na wale wa Subukia, wasiojua hata neno moja la lugha ile, wakapiga makofi. Wasimamizi wakakumbuka wana miguu. Mtoto akaingia, akafika, akakabidhiwa kwa Weldon mbele ya watu, na hakuna aliyecheka tena.

Na Makhanu? Makhanu aliendelea kupiga. Ilimbidi, kompyuta ilikuwa inamngoja. Wimbo wa kina mama uliisha, watu wakaketi, mchungaji akafumba macho kuomba, na kule pembeni kinanda bado kinadondosha sauti moja moja kama bomba bovu. Mchungaji alipofika kwenye kuwabariki wazazi, kompyuta ikapiga makofi ya ukumbi mzima. Mchungaji akafumbua jicho moja, akasema amina.

Kesho yake Jumapili, nyumba ilikuwa na watu wawili tu. Nekoye alisonga ugali, akatoa kuku aliyebaki harusini. Akaita mara moja. Kutoka bafuni Makhanu akajibu kwamba anakuja, ananawa, na kwamba kwa vyovyote vile nyota zilikuwa tatu, Quincy aliziona kwa macho yake.

Nekoye akatazama sufuria. Akatazama mfuniko. Kisha akajipakulia, akavuta kiti, akaomba peke yake, akala. Alikula paja, na paja ndiyo nyama ya Makhanu miaka yote hiyo. Ugali wa moto una ladha nyingine kabisa, alikuwa amesahau.

Makhanu alipotoka na taulo mkononi, akakuta mkewe anaosha sahani yake.

"Haukuningoja?"

"Chakula kiko hapo, Baba Quincy," akasema bila kugeuka. "Kimepoa kidogo."