Mabibo ya Mwanasiti

Sikuondoka Msambweni kwa kupenda picha. Niliondoka kwa wivu, na kwa mkeka ulionishinda. Mamake bi harusi aliyeniagiza mkeka wa harusi alikuwa ameniambia wazi wazi, "Bi Mwanaidi, mikeka yako siku hizi ukiona mmoja umeona yote." Harusi ilibaki wiki tatu, nami miyaa ya kusukia imelala ndani haijatiwa rangi, kichwa kitupu. Huku kila nyumba yasifia maonyesho ya picha yaliyofunguliwa Diani, ya Mwanasiti, binti wa mamangu mdogo. Mwanasiti huyo huyo! Bibi alitufundisha kusuka pamoja, na ukili wake ulikwenda upande kama njia ya mlevi.

"Nenda ukaone," mume wangu akanichokoza, "ila usijinyonge."

Saa tatu asubuhi nilikuwa Ukunda, nikachukua tuktuk mpaka Diani. Njiani nilikuwa nikiyapanga makosa nitakayoyaona.

Mwanasiti alinipokea mlangoni. "Shikamoo dada! Kumbe umekuja!"

"Marahaba. Nilikuwa napita tu." Napita kwenda wapi, mimi?

Picha ya tatu ikanisimamisha: mabibo yameanguka kwenye mchanga wa kijivu, mekundu na ya manjano, mengine yamepondeka. Mabibo! Yale tunayoyakanyaga kila msimu tukiokota korosho. Miaka hamsini nimeyapita, wala sikuona kwamba nyekundu ile ikikaa na kijivu huwaka. Moyo uliniuma, wallahi. Kwa nini aone yeye? Wageni walikuja, wakasema "nzuri sana", wakaipiga picha kwa simu, wakaenda zao. Mimi nilibaki pale mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Mwanasiti akasimama kando yangu. "Dada, hakuna aliyekaa hapa kama wewe. Watafuta nini?"

"Makosa."

Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Umeyapata?"

"Bado," nikasema, na nikakasirika kwa kuwa ilikuwa kweli.

Wakati wa kurudi nilishuka Ukunda, nikanunua rangi: nyekundu, manjano, na nyeusi ya kuzimua kwa maji mengi iwe kijivu. Alasiri ile ile sufuria ya rangi ilikuwa mekoni.

Nilimaliza siku mbili kabla ya harusi. Mamake bi harusi aliukunjua mkeka, akaupapasa.

"Rangi hizi umezitoa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo tayari: kichwani mwangu. Ulimi ukakataa.

"Kwa Mwanasiti," nikasema. "Waliomsifu waliitazama picha yake dakika moja. Mimi niliyemwonea wivu niliitazama asubuhi nzima."